Mataulo Yaliyokakamaa
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Juma lililopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa na namna ya kuyachemsha. Leo twaendelea na maji hayo hayo, ila tutayatia katika beseni la kufulia. Somo letu ni taulo la kuogea: kwa nini likitumika miezi michache hukakamaa kama ngozi iliyowambwa juani, na namna ya kulifua na kulianika hata libaki laini na kunywa maji vizuri.

Najua wako waliokwisha kucheka. Afisa Elimu mzima, mwenye diploma ya chuo kikuu, hana la kuwafundisha watu ila taulo? Nami ningecheka, kama nisingekutana na mama mmoja katika darasa letu la jioni, pwani ya mashariki ya Unguja. Nitawasimulia habari zake, maana somo hili alinifundisha yeye kabla sijawafundisha ninyi.

Mama huyu alikuwa akifua nguo za nyumba moja ya wageni. Umri wake umepita miaka 50, na kazi ya kufua ameifanya tangu usichana. Alikuja darasani kujifunza hesabu, wala hakuficha sababu yake: alitaka kujua anakatwa kiasi gani. Alikuwa akilipwa shilingi 300 kwa kila taulo alilolifua. Taulo likirudishwa kwamba ni gumu na linamkwaruza mgeni, halipwi, na juu ya hayo anakatwa shilingi 300 nyingine. Mwezi ule yalirudishwa mataulo 23. Tukaandika hesabu ubaoni, darasa zima, 600 mara 23, tukapata shilingi 13,800. Mama yule akaitazama ile hesabu kwa muda, kisha akafungua kikapu chake akatoa taulo moja, akaliweka juu ya meza yangu. Lilisimama kama ubao.

"Mwalimu," akaniuliza, "hili nimelikosea nini?"

Basi nikafanya kosa ambalo watu wa kusoma tunalifanya mara nyingi. Nilijibu upesi. Nilimwambia taulo lake bado lina uchafu, aongeze sabuni. Naye kwa heshima akanisikiliza. Sabuni yenyewe alikuwa akiinunua kwa fedha zake, na kwa shauri langu akatumia karibu mara mbili ya kawaida yake. Baada ya majuma mawili alirudi na habari kwamba mataulo yaliyorudishwa yamezidi. Hakunilaumu. Aliniambia maneno haya: "Mwanangu, masika hainiletei taabu hii. Masika mataulo hukauka polepole, lakini hutoka laini."

Nikamwuliza, wakati wa masika hufanya nini ambacho hafanyi wakati mwingine? Akasema hafanyi jambo jipya, ila maji ya kisima huyaacha akafulia maji ya mvua yaliyojaa katika pipa chini ya paa. Hapo ndipo nilipokumbuka utoto wangu.

Mimi nilizaliwa Mwanza, karibu na ziwa. Kule tulikuwa tukifua kwa kipande cha sabuni kilichobaki chembamba kama ukucha, na povu likajaa beseni. Nilipohamishiwa Unguja nilishangaa kuona sabuni ile ile ikisuguliwa na kusuguliwa bila kutoa povu la maana. Nilidhani wafanyabiashara wanauza sabuni hafifu. Kumbe sabuni haina kosa. Tofauti ni ya maji. Maji ya Ziwa Victoria yana chokaa kidogo sana ndani yake. Lakini upande ule wa Unguja ardhi ni mawe ya matumbawe, nayo matumbawe ni chokaa. Mvua ikinyesha, maji huteremka katika mawe hayo, huyayeyusha kidogo kidogo, na yanapofika kisimani yamekwisha kubeba chokaa nyingi. Huioni, kwa maana imeyeyuka kama sukari katika chai. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Hata bara yako mahali pengi penye maji magumu, hasa ya visima virefu. Ukitaka kuiona chokaa yenyewe, tazama ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe unaoganda chini na pembeni ndio huo: maji yakichemka, sehemu ya chokaa hujitenga nayo na kuganda.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo kiini cha somo la leo. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa katika maji, vitu viwili hivi hushikana na kuwa kitu cha tatu kisichoyeyuka. Ni utando mzito wa rangi ya kijivu, unanata, na huuona ukizunguka ukingoni mwa beseni baada ya kufua. Sabuni iliyokwisha kushikwa hivyo haifui tena. Unaongeza sabuni nyingine, nayo yashikwa. Utando ule haumwagiki wote pamoja na maji, maana sehemu hubaki katika nguo. Na katika kanga au shati, ambalo kitambaa chake ni bapa, hubaki kidogo tu. Lakini taulo si bapa.

Chukua taulo lako ulitazame kwa karibu. Utaona limejaa vitanzi vidogo vya uzi, maelfu kwa maelfu, vimesimama pande zote mbili. Kitambaa cha namna hii kilifumwa zamani kwa mikono nchini Uturuki, katika mji wa Bursa. Mwingereza mmoja aitwaye Henry Christy alikiona huko, na baada ya kupatikana mashine ya kukifuma, kilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851. Kazi ya kitanzi ni kunywa maji. Kila kitanzi kina pande nyingi za kugusa ngozi, na katikati yake mna nafasi ya kushika maji. Kwa hiyo taulo lanywa maji ya kuoga, na kwa sababu hiyo hiyo lanywa na maji ya kufulia pamoja na vyote vilivyomo. Utando wa sabuni na chokaa huingia kati ya vitanzi ukavibandika. Likikauka, vitanzi vilivyokuwa vimesimama kama nyasi vimelala na kugandamana. Ndiyo maana laumiza mwili, na ndiyo maana halinywi maji tena bali huyasukuma huku na huku juu ya ngozi.

Basi mnaona shauri langu lilivyokuwa baya. Mama yule alikuwa akiongeza sabuni katika taulo ambalo taabu yake ilikuwa ni sabuni.

Kabla hujatengeneza taulo, yajue maji yako kwanza. Tafuta chupa mbili safi zilizo sawa, za nusu lita, na nyeupe ili uone ndani. Moja tia maji ya mvua mpaka nusu, na ya pili tia maji unayofulia kiasi hicho hicho. Kwaruza sabuni ya mche kwa kisu, utie vipande viwili vidogo vilivyo sawa, kimoja katika kila chupa. Ziba, kisha zitikise zote mbili huku ukihesabu mpaka 50. Katika chupa ya maji ya mvua povu litapanda na kukaa. Katika nyingine, kama maji yako ni magumu, povu litakuwa haba na kupotea upesi, maji yatakuwa kama yametiwa maziwa, na utaona vijiganda vikielea. Kama chupa zote mbili zina povu sawa, maji yako hayana neno, na ugumu wa mataulo yako watoka katika kusuuza au katika kuanika. Mtu wa namna hii anaweza kuyasikiliza kwa sikio moja maneno nitakayosema juu ya magadi.

Maji bora kwa taulo ni ya mvua, na wengi wetu tunayaacha yapotee. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa lenye eneo la mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la bati lenye mita za mraba 30, ikinyesha mvua ya milimita 20, lamwaga lita 600. Hata kama theluthi imepotea kwa mfereji mbaya, zilizobaki ni lita 400, yaani ndoo 20 kubwa. Maji ya kwanza yaache yaende, kwa kuwa yaosha vumbi na vinyesi vya ndege, kisha kinga. Na pipa ulifunike, usije ukafuga mbu.

Na mvua ikikosekana? Hapa twende katika kitu ambacho bibi zetu wamekitumia tangu zamani kulainisha maharage: magadi. Magadi yale huchimbwa katika Ziwa Magadi huko Kenya, na katika Ziwa Natron kwetu Tanzania yapo. Ukiyatia katika maji magumu, magadi huishika chokaa kabla sabuni haijaishika, nayo chokaa huanguka chini kama vumbi jeupe. Kwa ndoo ya lita 20 vijiko viwili vya mezani vya magadi yaliyopondwa vyatosha mahali pengi. Yayeyushe kwanza katika maji ya moto kidogo, uyachuje kwa kitambaa maana huwa na mchanga, ndipo uyatie katika ndoo jioni na kukoroga. Asubuhi chota maji ya juu yaliyo maangavu, na ya chini yenye ukungu uyaache. Kisha pima tena kwa chupa na sabuni. Povu likiwa bado haba, siku nyingine ongeza kijiko. Usizidishe bila sababu, kwani magadi hukausha ngozi ya mikono, na mwenye vidonda avae mipira ya mkononi.

Niseme wazi kwamba magadi hayaondoi chumvi ya bahari. Kisima kilicho karibu mno na pwani, ambacho maji yake ukiyaonja ni ya chumvi, magadi hayatakiponya. Kwa kisima hicho fulia nguo nyingine, na mataulo uyatafutie maji kwingine walau kwa suuza ya mwisho.

Juu ya sabuni, shauri langu ni hili. Kama huna budi kufulia maji magumu kama yalivyo, kwa mataulo tumia sabuni ya unga badala ya ya mche. Nyingi za unga zinazouzwa madukani leo zimetengenezwa kwa namna nyingine, nazo hazishikwi sana na chokaa. Lakini tia kiasi kidogo. Watu wengi hupima uzuri wa kufua kwa wingi wa povu. Povu lililokujaza moyo wakati wa kufua ndilo litakalokuchosha wakati wa kusuuza, na usipolisuuza lote, litakauka ndani ya vitanzi.

Sasa tulishike taulo lenyewe lililokwisha kukakamaa. Usilitupe wala usilifanye tambara la kupigia deki kabla hujajaribu haya. Siku ya kwanza, lifue bila sabuni yoyote. Ndiyo, bila sabuni: tayari linayo ya kutosha. Litie katika maji ya moto yaliyolainishwa kwa magadi, au ya mvua, yawe ya moto kiasi mkono unaweza kuvumilia, uliache kwa muda wa saa moja, kisha ulikande kama unga wa chapati. Utashangaa kuona povu likitoka katika taulo ambalo hukulitia sabuni. Mwaga, tia maji mengine yaliyo laini, kanda tena, mpaka maji yawe maangavu na mkono usisikie utelezi.

Baada ya hayo ndipo siki ifuate. Chukua ndoo ya maji ya lita 20 na kikombe kimoja cha chai cha siki nyeupe, utumbukize mataulo mawili au matatu kwa muda wa robo saa. Siki ni kali kwa chokaa. Huiyeyusha iliyobaki katika nyuzi, nayo ikaondoka na maji. Harufu yake isikutie hofu, maana hupotea taulo likikauka. Siki ikikosekana, maji ya ndimu yaliyochujwa yatafaa, lakini nawe mikono yako uioshe vizuri kabla ya kutoka nje, kwa kuwa maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza na kuacha alama nyeusi.

Nisikilizeni vema katika mambo mawili ya siki. La kwanza, usiitie siki katika maji yenye sabuni ya mche kwa kudhani utafanya kazi mbili kwa mara moja. Siki huivunja sabuni ikarudi kuwa mafuta, na taulo lako litapakwa mafuta hayo. Siki ni ya mwisho, sabuni ikiisha kuondoka. La pili ni la hatari kweli: usichanganye kabisa siki wala ndimu na dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita jiki. Vikichanganyika hutoka hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, na katika chumba kidogo cha kufulia yaweza kumwangusha mtu. Kama leo umetumia jiki, siki iache mpaka siku nyingine.

Taulo likiisha kupona, kazi hii yote haina haja kila mara. Fua kwa maji laini na sabuni kidogo, suuza mara tatu, na siki labda mara moja kwa mwezi. Ukiwa na maji ya mvua machache, usiyamalize mwanzoni. Watu wengi hufua kwa maji mazuri kisha husuuza kwa maji ya kisima, na hapo huharibu, kwa sababu sabuni iliyo bado ndani ya taulo hukutana na chokaa ya maji ya kusuuzia, na utando hujifanya humo humo katika vitanzi. Afadhali ufue na kusuuza mara ya kwanza kwa maji ya magadi, na yale ya mvua uyaweke kwa suuza ya mwisho.

Mtu ataniuliza juu ya zile dawa za chupa zenye manukato, za kulainishia nguo. Kwa shati na shuka sina neno. Kwa taulo sizipendi. Dawa ile hulainisha kwa kuupaka uzi kitu kama mafuta, na uzi uliopakwa hivyo hunywa maji kwa shida. Utakuwa na taulo zuri la kushika lisilokausha mtu.

Tumefika kwenye kuanika, na hapa mama yule alinipa somo la pili. Aliniambia kwamba wakati wa kusi, upepo ukivuma sana, mataulo hutoka afadhali hata yakifuliwa kwa maji ya kisima, na siku ambayo upepo umetulia hutoka magumu zaidi. Kwa jambo hili chokaa peke yake haikutosha kunipa jibu. Jibu lilitoka Japani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na wa kampuni ya Kao walitangaza kwamba pamba hata ikionekana kavu hubaki na maji kidogo sana yaliyoshikamana na nyuzi zake, na maji hayo hufanya kazi kama gundi baina ya uzi na uzi. Kwa hiyo taulo lililokauka likiwa limetulia kimya hugandamana, hata likifuliwa kwa maji mazuri. Lakini likitikiswa na upepo wakati linakauka, nyuzi hazipati nafasi ya kushikana. Wafuaji wa pwani waliyaona matokeo yake kwa macho na vidole, bila chombo chochote.

Basi ukiisha kulikamua, likung'ute kwa nguvu mara kumi kabla ya kulitundika, mpaka lilie. Unaviamsha vitanzi vilivyolazwa na kukamuliwa. Lianike kwa upana, lisikunjwe maradufu juu ya kamba, mahali penye upepo unaopita. Likifika nusu kukauka, rudi ulikung'ute tena na kuligeuza. Ukilianua, lifikiche kidogo baina ya mikono. Kukung'uta hakuna gharama, nako kwa kweli kwafanya nusu ya kazi.

Jua lina pande mbili. Taulo lililosahauliwa katika jua kali tangu asubuhi mpaka alasiri hukauka kupita kiasi, rangi yake hupauka na nyuzi huchoka. Lakini jua huua vijidudu vingi na huondoa uvundo, na taulo lililokaushwa kivulini siku mbili hunuka. Anika juani kwenye upepo, na likiisha kukauka lianue.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia kivuli. Katika sehemu nyingi za bara zenye joto na unyevu yupo nzi ambaye wengine humwita nzi wa maembe. Hupenda kutaga mayai yake mahali pa kivuli, katika mchanga na katika nguo mbichi. Mayai huanguliwa kuwa mabuu madogo sana, na mtu akiivaa nguo ile au kujifutia taulo lile, buu huingia katika ngozi na kufanya jipu lenye tundu katikati. Watoto wachanga huteseka sana kwa jambo hili. Kwa hiyo mkaao katika sehemu hizo, msitandaze kamwe mataulo juu ya nyasi wala ardhini, msiyaache nje usiku, na yakiisha kukauka yapigeni pasi ya moto pande zote, hasa ya watoto. Najua pasi hulaza vitanzi, na taulo litapoteza ulaini wake kidogo. Lipoteze. Lipige pasi, kisha ulikung'ute.

Tena, kila mtu nyumbani awe na taulo lake, hata kama ni nusu ya taulo kubwa lililokatwa na kupindwa. Vikope vya macho, yaani trakoma, vyaenea kwa nzi, kwa mikono, na kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto wanne. Mzazi aweza kuwa hodari wa kufua, na bado akawapitishia watoto ugonjwa kwa taulo moja laini.

Mtapenda kujua mama yule aliishiaje. Tulimpa darasani chupa mbili zile akazitikisa mbele ya wenziwe, na hakuhitaji maelezo marefu. Akaanza kulaza maji ya kisima na magadi usiku, akapunguza sabuni mpaka chini ya ile aliyokuwa akitumia kabla ya shauri langu, na mwezi uliofuata yalirudishwa mataulo mawili tu. Kisha akamwendea mwenye nyumba ya wageni na chupa zake mbili, pamoja na karatasi ya hesabu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Makato yalikoma. Zile shilingi 13,800 hakurudishiwa, wala za miezi ya nyuma. Alipolileta jambo hilo darasani tulimsaidia kuandika barua, na mpaka leo ninapozungumza nanyi barua haijajibiwa. Ameandika ya pili, na hii hakutuomba msaada.

Kazi ya juma hili ni ya kila kikundi. Leteni chupa tatu badala ya mbili: moja ya maji ya mvua au ya mto, moja ya maji ya bomba, na moja ya kisima kilicho karibu nanyi. Mtikise kama nilivyoeleza, na katibu wa kikundi aandike urefu wa povu katika kila chupa kwa kupima na rula, mara moja na tena baada ya dakika tano. Wanaojifunza kuandika ndio waandike. Msisahau kuandika kisima kiko wapi na kina kirefu kiasi gani, kama kuna ajuaye. Karatasi hizo mpeni mwalimu wenu, nasi katika kipindi kijacho tutazisoma na kulinganisha maji ya bara na ya pwani. Kwaherini.